Ushahidi wa Mtani

Nyumba ninayoisema iko Mikumi, kando ya barabara kuu, fremu za maduka mbele, vyumba vya kulala nyuma. Nilikuwepo tofali zake zinachomwa. Sisemi hivyo ili nisifiwe. Nasema kwa sababu walikuja watu baadaye, viatu vinang'aa, wakataka kunieleza mimi nyumba ile ni ya nani.

Aliyeijenga alikuwa Msagara wa milima iliyo juu ya Kilosa. Mimi ni Mnyamwezi wa kuzaliwa kambini. Baba yangu aliletwa Rudewa kukata mkonge, akakata mpaka mgongo ukapinda, hakurudi kwao. Shule niliishia darasa la pili. Niliona viboko vya nyumbani vinanitosha. Nasoma namba za tairi na vibao vya magari, zaidi ya hapo nasomewa, na sioni haya. Karakana ya matairi iliyopo Mikumi ni yangu. Nilianza na pampu ya mkono na karai la maji la kutafutia pancha. Leo lori likipasukiwa Doma au Ruaha Mbuyuni, dereva ananipigia simu mimi, hampigii mwenye diploma.

Mnyamwezi na Msagara, basi yeye na mimi tulikuwa watani. Kijana wa siku hizi akisikia utani anadhani ni mizaha ya kijiweni. Utani huu ni wa mababu na una taratibu zake. Mtani anakuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako, au mpagazi kama babu zetu Wanyamwezi waliobeba mizigo ya misafara, unacheka. Mtani anakamata jogoo wako mchana kweupe, polisi huendi. Siku ukifa, ndugu zako wamelegea kwa kilio, mtani ndiye anayeingia ndani, anafagia, anashika jembe la kaburi, anaigiza ulivyokuwa unatembea na ulivyokuwa unakohoa, mpaka waliokuwa wanalia wanajikuta wanacheka na kukumbuka kula. Kitu kimoja haruhusiwi. Haruhusiwi kukasirika. Mtani akikasirika kwelikweli utani umekufa, hakuna wa kuufufua.

Mtani wangu aliteremka kutoka milimani na mke, binti mmoja mdogo na shoka. Akaenda Malolo kulima vitunguu kwenye shamba la kukodi. Alilima miaka mingi, anasafiri juu ya magunia yake mwenyewe mpaka Dar es Salaam, anarudi na vumbi la safari nzima kichwani. Kiwanja cha Mikumi alikinunua wakati tembo bado wanapita pale kama wapangaji. Watu walimcheka. Mimi pia nilimcheka, lakini mimi ilikuwa haki yangu.

Shamba la ukoo wake kule milimani hakuligusa. Kwa Wasagara ardhi ya ukoo inafuata upande wa mama: mwanamume akifa, inabaki kwa dada zake na watoto wa dada zake. Hakuna aliyelibishia hilo, hata yeye mwenyewe. Ugomvi ulikuwa nyumba ya Mikumi, ambayo hakupewa na mjomba wala shangazi. Ilikuwa jasho lake tupu.

Binti yake alikufa mapema akaacha mtoto wa kike. Babu na bibi wakamlea. Bibi naye akaondoka, wakabaki wawili, babu na mjukuu, katika nyumba ile. Mzee alipoanza kuugua, msichana ndiye aliyekuwa anamwogesha, anamgeuza, anamlisha uji kwa kijiko. Wapwa wa mzee, watoto wa dada yake, niliwaona wakipita barabarani na basi la Iringa. Basi halikusimama.

Siku moja mzee akatuita. Alijua sheria, wosia wa mdomo unataka watu wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Wa ukoo walikuwa dada yake, aliyetoka Kilosa, na mdogo wake wa kiume. Wa nje alikuwa mama mmoja jirani anayekaanga maandazi, na mimi. Niliingia nikamkuta kaegemezwa mito, kakonda mpaka masikio yamekuwa makubwa.

"Mtumwa wangu," nikamwambia, "bado hujafa tu? Nimeacha lori limeinuliwa na jeki, nimekuja kuchukua godoro."

"Ningekufa jana," akasema, "ila nimeogopa kuzikwa na mpagazi. Utanidondosha njiani ukadai nauli."

Dada yake akacheka. "Nyie wazee mtaacha lini?"

"Huyu akiacha kunuka mpira wa tairi," mgonjwa akajibu. Halafu akanyoosha mkono. "Sikilizeni. Shamba la milimani ni lenu, sina neno nalo. Nyumba hii nimeijenga mimi kwa vitunguu vyangu. Ni ya mjukuu wangu huyu. Mtu asimtoe. Na wewe mpagazi, siku wakitaka kumtoa, huo mzigo wa kubeba ni wako."

"Kwa malipo gani?"

"Godoro."

Tukacheka sote, na yeye akacheka mpaka akakohoa, dada yake akamshika kifua. Msichana hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji, anamwangalia babu yake.

Haikupita wiki akafa.

Tukampandisha milimani kwao kumzika, na mimi nikafanya kazi yangu. Nilimfanyia msiba ambao Kilosa wanausimulia mpaka leo. Nilifagia uwanja wote nikiwa nimevaa koti lake, nikitembea kama yeye, mguu mmoja unaburuta. Jeneza lilipotoka nikalala katikati ya njia, nikasema halipiti mpaka mtumwa anilipe deni la kumvusha mto. Ukoo wakanitupia sarafu, nikainuka. Kaburi lilipofukiwa nikapanda juu ya kinu kilichopinduliwa nikapaza sauti:

"Wosia! Sikilizeni wosia! Marehemu mtumwa wangu ameniachia mimi nyumba ya Mikumi, fremu zote, na dada yake huyu awe ananipikia!"

Dada mtu akanimwagia maji ya kuoshea vyombo. Watu wakaanguka kwa kicheko, mchungaji akageuka pembeni mabega yanatetemeka. Mpwa mkubwa wa marehemu alikuwa amesimama mbele, kainua simu, ananirekodi. Alikuwa anacheka, namkumbuka, meno yote nje. Huyu ni mtoto wa kwanza wa yule dada, anafanya kazi ofisini Morogoro, mtu wa tai.

Matanga yalipokwisha, ukoo ukakaa, ukamchagua yeye kusimamia mirathi. Wiki iliyofuata akafika Mikumi na fundi wa makufuli. Mimi nilikuwa chini ya lori. Mjukuu wa marehemu akaja anakimbia, kanga imemvuka begani, hata salamu alisahau.

"Babu, wanabadilisha kufuli."

Nilikwenda na mikono ile ile ya grisi. Mpwa alikuwa barazani, anawaeleza wapangaji wa fremu kwamba kodi sasa inapelekwa kwake.

"Shikamoo mtani," akaniambia, anatabasamu.

"Mtumwa mdogo," nikamjibu, maana wakati huo nilikuwa bado mtani, "mjomba wako alisema nyumba ya nani?"

"Alisema ya kwako. Mimi ninayo video."

Wapangaji wakacheka. Hata fundi wa makufuli akacheka.

"Nauliza kweli."

"Na mimi najibu kweli. Mzee, kwa mila zetu mali ya mjomba ni ya wapwa. Wewe si wa kabila letu, hujui."

Msichana akasema, "Lakini babu alisema mbele ya mama yako."

Akamgeukia. Nitasema alivyomwambia, kwa sababu hakuongea kwa sauti kubwa, aliongea kama mtu anayeelekeza njia. "Wewe si wa ukoo wetu. Wewe ni wa ukoo wa bibi yako, na bibi yako kaburi lake liko kwao. Nenda kadai huko. Hapa ulikuwa unamsaidia mgonjwa, tunakushukuru."

Tunakushukuru! Mtoto aliyemtoa mzee choo kwa mikono yake anashukuriwa kama aliyeazima jembe.

Nikamwambia msichana asitoke ndani ya chumba chake hata wakimletea jeshi, na kesho yake nikampeleka mahakama ya mwanzo kuweka pingamizi.

Siku ya kusikilizwa ukumbi ulijaa. Wasagara walikuja, wafanyabiashara wa Mikumi walikuja, vijana wangu wa karakana walifunga kazi bila kuniomba ruhusa. Hakimu alikuwa mwanamama, mdogo kuliko binti zangu, lakini alikuwa anasikiliza. Mdogo wake marehemu alisema alichosikia. Mama wa maandazi alisema alichosikia, akaongeza na habari za mbwa wake mpaka akakatishwa. Halafu akaitwa dada mtu, mama yake mpwa.

Alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. "Nilisikia," akasema. "Lakini walikuwa wanataniana. Huyu anataka godoro, yule anasema chukua. Mimi sikujua lipi la kweli lipi la mchezo."

Hakumwangalia msichana. Hakuniangalia mimi. Alimwangalia mwanawe, naye akatikisa kichwa kidogo, kama anayemwambia mtoto amekula vizuri.

Zamu yangu ikafika. Nikaapa kwa msahafu. Mpwa akasimama kuniuliza maswali.

"Mzee, wewe ni mtani wa marehemu?"

"Ndiyo."

"Siku anayotoa huo unaoitwa wosia, uliomba godoro?"

"Niliomba."

"Akakubali?"

"Akakubali."

"Umelichukua?"

"Sijalichukua."

"Mheshimiwa, naomba godoro nalo liingizwe kwenye mirathi."

Ukumbi ukacheka. Akangoja kicheko kiishe, halafu akatoa simu, akaiomba mahakama ione. Karani akaipeleka mezani kwa hakimu. Nikaisikia sauti yangu mwenyewe inatoka kwenye kidude kile, nyembamba kama ya mbuzi: Wosia! Sikilizeni wosia! Karani akafunika mdomo. Vijana wangu wa karakana, washenzi wale, ndio waliocheka zaidi.

"Mheshimiwa," mpwa akasema, "leo shahidi anaapa nyumba ni ya huyu binti. Makaburini alitangaza ni yake mwenyewe. Keshokutwa atasema ni ya nyani wa hifadhini. Neno la mtani ni mchezo, ndiyo kazi yake, hatumlaumu. Tukimtoa huyu, shahidi wa nje anabaki mmoja. Na mama yangu mzazi anasema hakujua kama ni kweli. Wosia uko wapi?"

Hakimu akaniangalia. Hakunicheka, namheshimu kwa hilo. "Mzee," akasema, "utani naujua, hata kwetu upo. Nisaidie. Nitajuaje kwamba leo hutanii?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo tangu nilipoiona simu ile, na sikutaka kulitoa.

Mimi watu wangu wa damu wako Tabora, siwajui nyuso. Pale Mikumi nina mke, watoto na karakana, lakini watani wangu ni ukoo ule. Misiba yao yote nilifagia mimi. Na wa kwangu wangefagia wao. Tulikuwa tumeshakubaliana nani atavaa ovaroli langu na nani atalala chini ya lori kunifanyia kejeli. Mtu anayezikwa bila watani anazikwa kama mzigo uliokosa mwenyewe. Nilijua ninachotaka kukitupa. Nikamwangalia yule msichana kwenye benchi. Alikuwa amejifunga kanga ya bibi yake, amekaa kama mtu anayengoja kuambiwa atoke.

Nikasema: "Mheshimiwa, mtani hakasiriki. Mimi nimekasirika."

Wasagara wazee wakaacha kucheka. Vijana walikuwa bado wanachekacheka, hawakuelewa.

"Nimekasirika, na nasema mbele ya watu. Kuanzia leo mimi na ukoo huu hatuna utani. Huyu kijana akiniita mtani pale nje nitamshitaki kwa kunitukana, kama mtu baki. Na mimi nikimwita mtumwa anishitaki, nitalipa. Misiba yao sitafagia. Nikifa mimi, wasikanyage kwangu na ufagio. Nimemaliza hilo. Sasa niulize tena unachotaka kuniuliza."

Dada mtu akasimama nyuma huko. "Usiseme hivyo!" akapiga kelele. "Mtani, usiseme hivyo! Mimi nani atanizika?"

Karani akamwambia akae. Hakukaa.

Mpwa naye alibadilika rangi. Alikuwa na tai, lakini alilelewa milimani, alijua nilichofanya. "Mheshimiwa," akasema, "hii nayo ni..." Akaishia hapo. Kama angesema ni mzaha, wazee wa ukoo wake wangemtoa nje kwa mikono.

Hakimu akaniuliza. Nikajibu bila mtumwa, bila mpagazi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwita yule mtu marehemu, kama wanavyomwita watu wengine. Nikasema: marehemu alisema shamba la milimani ni la ukoo, nyumba ya Mikumi aliijenga yeye, ni ya mjukuu wake, mtu asimtoe. Basi.

Dada mtu akaomba aseme tena. Mwanawe akasema, "Mama, kaa." Yule mama akamwambia, mbele ya mahakama, "Kaa wewe." Akaingia kizimbani.

"Kaka yangu alisema kweli," akasema. "Walikuwa wanacheka, lakini hilo la nyumba hakucheka. Alinishika mkono wakati anasema. Nilijua. Nilimwogopa mwanangu."

Hukumu ilitoka siku nyingine. Hakimu alisema ardhi ya ukoo ibaki kwa ukoo, lakini nyumba ya Mikumi ni mali aliyoichuma marehemu mwenyewe, alikuwa na haki ya kumpa amtakaye, na wosia wake umesimama. Mpwa alitoka anatishia rufaa mpaka kwenye ngazi za nje. Rufaa hakukata. Nasikia mama yake alimwambia akikata asimwite mama.

Pale nje aliniambia, "Umefurahi sasa, mzee? Umeuvunja ukoo kwa ajili ya msichana ambaye si ndugu yako."

"Ukoo hamkuwa nao," nikamwambia. "Mlikuwa na mzee mgonjwa na basi halikusimama."

Msichana yuko kwenye nyumba yake. Fremu moja ameweka cherehani, anashona sare za shule, na anashona vizuri, ingawa mikono ya mashati anaipunguza mno. Nikipita ananiita babu, ananiletea chai. Nakunywa, naondoka. Sikumfanyia ili aniletee chai.

Mwaka huu yule mama amekufa, dada mtu. Nikapanda gari la Kilosa, kisha bodaboda mpaka milimani, kwa sababu kuzika nazika, sikugombana na maiti. Nilifika nikakuta uwanja mchafu. Majani, maganda ya mihogo, vyombo havijaoshwa, na ufagio umeegemezwa ukutani hakuna aliyeugusa. Wanawake walikuwa wanalia ndani tangu alfajiri, sauti zimekauka. Nilipoingia uwanjani wazee wakageuza shingo wote pamoja. Nikasalimia, nikatoa pole, nikakaa kwenye benchi la majirani.

Mpwa akaja. Hana tai siku hiyo, macho mekundu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Pole na msiba."

"Watu wanakusubiri."

"Wananisubiri nifanye nini?"

"Mzee, unajua."

"Sijui. Mimi ni jirani wa kutoka Mikumi, nimekuja kuzika."

Akachuchumaa mbele yangu ili wengine wasisikie. "Mama alisema utakuja. Mpaka mwisho alikuwa anasema, yule atakuja atanichekesha. Nakuomba. Siyo kwa ajili yangu."

"Mtani mliyekuwa naye mlimmaliza mahakamani," nikamwambia. "Tafuteni mwingine. Wanyamwezi hawajaisha."

"Na sasa hivi nitampata wapi?"

"Hilo ungeniuliza kabla hujaitoa ile simu."

Akainuka akaenda. Mjukuu wa marehemu mtani wangu alikuwepo pia, kaja kumzika bibi yake mdogo, kakaa na wanawake. Akasogea, akanong'ona, "Babu, sema hata neno moja. Wanaumia."

"Nilikuwa na vitu viwili, utani na neno langu," nikamwambia. "Cha kwanza unalala ndani yake. Usinidai na cha pili."

Akainamisha kichwa. Sikumwomba radhi.

Jeneza likatoka. Njia ilikuwa wazi, hakuna mtu aliyelala mbele yake, na wabebaji walisitasita pale mlangoni, wanangoja kuzuiwa. Halafu wakapita. Mama yule alikuwa na tabia ya kuhesabu kuku wake kwa sauti kila jioni na kumtukana anayekosekana, na nilikuwa na neno mdomoni juu ya kuku hao, neno ambalo lingewaangusha wote pale chini, mchungaji akiwemo. Lilikuwa tayari. Nikalimeza, nikapokea koleo zamu yangu ilipofika, nikatupa udongo kama wengine, nikampa koleo aliyekuwa nyuma yangu.